WENYE NYUMBA ZA UDONGO KATIKA MIJI YA KALE YA PWANI

Wanafunzi wa shule za Komarock, Kayole na Umoja wapelekwapo pwani kutazama mambo ya kale, aghalabu hufikishwa Gedi, katika msitu ulio karibu maili 10 kusini ya Malindi. Huko huonyeshwa Msikiti Mkuu, jumba la mfalme, visima virefu, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, ambao ni mwaka 1399. Huonyeshwa pia nyumba za mawe za wakubwa, na nyumba nyingi huitwa kwa jina la kitu kilichookotwa ndani yake: moja ni Nyumba ya Mkasi, nyingine ya Kauri, nyingine ya Taa ya Chuma. Watoto hurudi Nairobi wakijua habari za watu waliokuwa na mikasi na taa. Lakini liko swali moja ambalo ni wachache waliulizao. Ukuta wa nje wa mji ule ulizunguka eneo la eka 45, na nyumba za mawe zilizochimbuliwa mtu aweza kuzihesabu kabla jasho halijamkauka. Je, watu wengine wote walikuwa wakilala wapi?

Walilala katika nyumba za udongo. Ndani ya ukuta wa pili, karibu na msikiti na jumba, ndiko walikokaa wenye nyumba za mawe. Na kati ya kuta mbili hizo kulikuwa na mashamba, bustani na nyumba zilizokandikwa, zenye paa la makuti. Leo mahali hapo pamemea miti, na mgeni hupita haraka akielekea kwenye magofu. Hao wenye nyumba za udongo ndio tutakaoeleza habari zao hapa, na jinsi wataalamu wa mambo ya kale walivyojifunza kuwatafuta.

Msomaji aliyezaliwa kijijini hana haja ya kuelezwa jinsi nyumba ya udongo inavyojengwa. Nguzo huchimbiwa, fito hufungwa kwa kamba, udongo hukandwa kwa maji na kukandikwa ndani na nje, kisha huezekwa. Pwani nguzo zilizopendwa ni boriti za mikoko, maana hazishindwi upesi na mchwa. Nyumba kama hii ikitunzwa humfaa mtu na watoto wake kwa miaka mingi. Lakini ikiachwa, makuti huoza, mvua hunyeshea kuta zikalainika na kuanguka, mchwa wakala fito, na baada ya miaka michache hubaki kichuguu kidogo cha udongo, na mtu aweza kukilima asijue kwamba alima juu ya kitanda cha mwenziwe.

Tutoe mfano wa karibu. Tuseme watu wote wa Komarock wamehama, miaka 600 imepita, na mtaalamu mgeni amefika na jembe lake. Ataona misingi ya nyumba, mawe yaliyochongwa, saruji, vyuma vya madirisha, na vyumba vilivyoongezwa mbele na juu na kila mwenye nyumba kwa kadiri ya mfuko wake. Yote hayo atayapima na kuyachora. Lakini kile kibanda cha mama mboga, cha mbao nne na bati moja, hatakiona kabisa. Wala hataiona meza ya fundi viatu, wala kibanda cha fundi cherehani. Basi ataandika katika kitabu chake kwamba watu wa Komarock waliishi katika nyumba za mawe na hawakuwa na desturi ya kununua sukuma wiki. Tena ataandika kwa kujiamini sana.

Kosa la namna hiyo ndilo lililofanywa juu ya miji yetu ya pwani kwa muda mrefu. Gedi ilizuriwa mwaka 1884 na Sir John Kirk. Mwaka 1948 ilifanywa hifadhi, na Bwana James Kirkman akawekwa kuitunza. Alichimba huko kwa miaka kumi hivi, akasafisha kuta, akakusanya vyombo vya Kichina, shanga na vigae, na bila ya kazi yake tusingekuwa na la kusema juu ya mahali pale. Lakini kitabu alichokitoa mwaka 1954 kiliiita Gedi mji wa Waarabu. Bwana Neville Chittick naye, aliyeongoza Taasisi ya Uingereza katika Afrika Mashariki hapa Nairobi, akachimba Kilwa katika miaka ya 1960, kisha Manda, aliona kuwa miji hiyo ilianzishwa na wageni waliovuka bahari. Mawazo yao hayakutoka hewani. Walichimba penye mawe, wakaona misikiti, maandishi ya Kiarabu na bakuli za Uajemi. Na mambo hayo yote yalielekeza macho baharini. Wenyeji, kwa hesabu hiyo, walikuwa watumishi tu katika mji wa watu wengine.

Jambo hili si la wasomi peke yao. Kwa miaka mingi mtoto wa pwani aliambiwa darasani kwamba babu zake walikuja na jahazi, na mtoto wa bara akaambiwa kwamba babu zake hawakujenga kitu.

Mabadiliko yalitoka katika kisiwa cha Pate, mahali paitwapo Shanga, upande wa kusini wa kisiwa. Mji huo ulihamwa yapata mwaka 1425, na magofu yake ya nyumba, misikiti na makaburi yamesimama mpaka leo kati ya miti na mchanga. Katika mji wa Siyu, usio mbali kutoka hapo, wangaliko watu wahesabiwao kuwa Washanga. Wako wasemao kwamba jina hilo latokana na mji wa Shanghai wa China. Hiyo ni hadithi tamu, lakini haina haja kwa somo letu. Mwaka 1980 mtaalamu Mwingereza, Mark Horton, alianza kuchimba Shanga, akaendelea kwa vipindi mpaka mwaka 1988. Naye hakuridhika na kusafisha kuta. Alishuka chini ya mawe, tabaka baada ya tabaka, mpaka akafika kwenye mchanga ambao hakuna mtu aliyekuwa ameukanyaga.

Hapa yafaa tueleze jinsi udongo unavyosomwa, maana watu wengi hudhani kuchimba mambo ya kale ni kutafuta dhahabu. Mchimbaji hatumii sururu ila mara chache. Hupiga magoti, akakwangua kwa mwiko mdogo kama wa mwashi, kidole kimoja cha kina kwa wakati, na udongo wote hupitishwa katika chekeche. Nguzo iliyochimbiwa ardhini ikioza, shimo lake hujaa udongo mwingine, mlaini na mweusi zaidi kuliko ule ulio kando. Basi mchimbaji akikwangua vizuri huona duara jeusi ardhini. Akiona la pili na la tatu yamefuatana kwa mstari, ameuona ukuta, ingawa ukuta wenyewe haupo tena. Maduara yakizunguka, nyumba ilikuwa ya msonge. Yakipiga pembe, ilikuwa ya pembe nne. Sakafu iliyokanyagwa miaka mingi huwa ngumu, na yaweza kuchambuliwa kama ganda la kitunguu. Na kama nyumba iliungua, msiba wa mwenyewe huwa bahati ya mtaalamu, kwa kuwa moto huuchoma udongo wa kukandika ukawa kama chungu, na alama za fito hubaki juu yake hata leo.

Kwa njia hii Horton aliona kwamba Shanga ilianza yapata mwaka 750. Nyumba za kwanza zilikuwa za nguzo, fito na udongo, nyingine za msonge. Baadaye zikawa za pembe nne. Karibu na mwaka 900 na kitu watu walianza kujenga baadhi ya majengo yao makubwa kwa matumbawe yaliyokatwa baharini, ambayo huchongeka kwa urahisi yakiwa mabichi na kuwa magumu yakikauka. Nyumba za mawe za watu, hizo zinazoonekana leo, ni za mwisho. Nyingi ni za miaka ya 1300. Yaani mji uliishi zaidi ya miaka mia tano na nyumba za udongo kabla ya kujijengea yale magofu ambayo wageni huja kuyapiga picha.

Tena nyumba hizo za mawe zilifuata mipaka ya viwanja vya nyumba za udongo zilizokuwa chini yake. Jambo hili twaliona kuwa kubwa kuliko vyombo vyote vya Kichina. Mgeni akija na kuuteka mji hupima viwanja vyake upya kama apendavyo. Lakini mtu anayejenga kwa mawe juu ya kiwanja kilekile cha babu yake, mpaka wake ukiwa uleule, huyo ni mwenye mahali. Msomaji wa Komarock aliyejenga ghorofa juu ya nyumba ndogo aliyoinunua hapo kwanza, bila ya kusogeza ukuta wa jirani, ataelewa maana yake bila ya kuhitaji kwenda chuo kikuu.

Chini ya Msikiti wa Ijumaa wa Shanga, uliojengwa kwa mawe yapata mwaka 1000, kulikuwa na msikiti mwingine wa zamani zaidi. Na chini ya huo, mwingine. Hata wachimbaji wakafikia mfululizo wa misikiti midogo ya nguzo na fito, wa kwanza wao ukiwa wa karne ile ile ulipoanzishwa mji. Kwa hiyo katika karne ya nane wako watu waliokuwa wakiswali hapo, na msikiti wao ulifanana na nyumba zao. Ulipanuka kadiri waumini walivyozidi. Zilipatikana pia sarafu ndogo sana za fedha, zenye majina ya Kiislamu, ambazo Horton aliziona kuwa za watawala wa hapohapo. Kuhusu mpango wa mji wa kwanza, yaani uwanja uliozungushiwa ua, wenye kisima, na makao ya koo kandokando yake, aliufananisha na kaya za Wamijikenda. Wataalamu wengine hawakubaliani naye katika kila neno juu ya kaya, na mjadala huo haujaisha. Lakini kwamba mji ulikua polepole kutoka udongo hata mawe, hilo ladhihirika katika udongo wenyewe.

Vigae vilisema neno hilohilo. Vyombo vya ng'ambo, vya Uajemi na China, vilikuwapo tangu mwanzo, lakini vilikuwa vichache mno kuliko vyungu vilivyofinyangwa hapa petu. Vyungu hivyo vya kale vilichorwa shingoni alama za pembetatu kwa ncha ya kijiti, na vya namna hiyo vimeokotwa kando ya Mto Tana, na huko kusini hata Msumbiji, pwani na bara pia. Mwanamke aliyepika Shanga mwaka 800 alitumia chungu ambacho mwenziwe wa bara angekitambua kwa mbali.

Umri wa vitu hivi hujulikanaje? Njia moja ni makaa. Kila kiumbe hai hupata kutoka hewani kaboni ya namna moja ambayo huanza kupungua pale kiumbe kinapokufa, na nusu yake huisha kwa muda wa miaka 5,730. Maabara yakipima kilichosalia katika kipande cha mkaa wa jikoni, huweza kukisia ni lini mti ule ulikatwa. Jiko la maskini lina mkaa sawasawa na jiko la tajiri, na hiyo ni heri kwa somo letu. Njia nyingine ni kutia udongo wa jikoni katika pipa la maji. Mchanga huzama, na punje zilizoungua huelea juu zikakusanywa. Huko Pemba wachimbaji walifanya hivyo katika vijiji vya kale vya Tumbe na Chwaka. Tumbe, iliyokaliwa kati ya karne ya saba na ya kumi, watu walikula mawele kuliko nafaka nyingine. Chwaka, iliyofuata, wali ndio ulioshinda. Hivyo twajua kwamba pilau, ambayo leo yahesabiwa kuwa chakula cha pwani tangu dunia kuumbwa, ilibidi kungoja zamu yake.

Tangu mwaka 2009 wataalamu wawili, Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones, wameongoza uchimbaji huko Songo Mnara, kisiwa kilicho karibu na Kilwa. Mji huo una nyumba za mawe zipatazo arobaini, misikiti, na katikati uwanja mpana usio na kitu. Zamani mtu angepima nyumba na kuupita uwanja. Wao waliupita pia, lakini wakiwa wamebeba chombo kinachopima nguvu za sumaku ardhini, maana mahali palipowashwa moto, au palipotupwa takataka, hutofautiana na udongo mtupu. Katika upande uliodhaniwa kuwa mtupu chombo kikaonyesha alama, na walipochimba wakakuta mabaki ya nyumba za udongo. Hata mchanga wa sakafu ulichukuliwa na kupimwa, ili ijulikane wapi watu walipika na wapi walikaa wakizungumza. Chini ya sakafu ya nyumba moja ya mawe walikuta akiba ya sarafu za shaba za Kilwa zaidi ya 300, ambayo mwenyewe aliificha na hakurudi kuichukua.

Upande wa Kenya, karibu na mpaka wa kusini, uko mji wa Vumba Kuu, ambao masimulizi huutaja kuwa kiti cha watawala wakubwa. Mtu aendaye huko akitumaini kuona majumba atavunjika moyo. Mawe ni machache. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo. Basi tumekwisha kuona kwamba hata ufalme waweza kukaa chini ya makuti, na heshima ya mtawala ikawa katika siwa yake, karamu zake na watu wake.

Tusidhani kwamba kosa la kutazama mawe tu lilifanywa Afrika peke yake. Huko Amerika ya Kati, katika nchi za Guatemala, Mexico, Belize na jirani zao, liko taifa la Wamaya, ambao mababu zao walijenga mahekalu marefu kuliko minazi. Kwa miaka mingi wataalamu waliyachimba mahekalu na makaburi ya wafalme, na mkulima aliyewalisha wafalme hao hakuulizwa. Katika miaka ya 1950 Mmarekani Gordon Willey alikwenda kwenye bonde la Mto Belize, akaanza kuhesabu na kuchimba vichuguu vidogo vya nyumba za watu wa kawaida. Kisha mwaka 1976, huko El Salvador, tingatinga lililokuwa likisawazisha ardhi lilifunua kijiji cha Joya de Cerén, kilichofunikwa na majivu ya volkeno katika karne ya saba. Nyumba zake ni za fito na udongo, kama zetu. Maharagwe yamo vyunguni, na mistari ya muhogo imo shambani, kama ilivyoachwa siku ile. Wamaya wenyewe wangali hai, kwa mamilioni, na wengi wao wasema lugha zao mpaka leo. Ni vema kulitaja hilo, kwa kuwa vitabu vingine huwaeleza kana kwamba walitoweka.

Turudi kwetu. Mwaka 2023 palitolewa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao kutoka miji ya pwani, kati yake Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Mmoja wa walioongoza kazi hiyo ni Mkenya, Profesa Chapurukha Kusimba, aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi. Uchunguzi huo ulisoma asili ya watu kutoka ndani ya mfupa wenyewe. Wengi walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama; na sehemu kubwa ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000.

Basi wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakusema uongo, na wale wa siku hizi waliowacheka walifanya haraka. Lakini tazama tarehe. Shanga ilianza yapata mwaka 750. Misikiti kadhaa ilikuwa imejengwa, ikachakaa, ikajengwa tena juu ya misingi yake kabla ya mwaka 1000. Waajemi waliooa huko walikaribishwa katika mji uliokwisha kuwako, wenye viwanja vyake, visima vyake na vyungu vyake. Mkwe hakujenga nyumba ya mkewe.

Kazi iliyobaki ni kubwa, na yafanywa kwa mashaka. Gofu la mawe humzuia mtu kwa ukubwa wake, tena Gedi iliingizwa mwaka 2024 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kichuguu cha udongo hakina wa kukitetea. Hulimwa, huchukuliwa mchanga, huwekwa msingi wa hoteli au nyumba, na kwa siku moja huondoka habari za miaka mia tatu. Si pwani tu; hata huku kwetu, kwenye mlima wa Lukenya karibu na Athi River, wataalamu wamepata zana za mawe na masalio ya wafugaji wa maelfu ya miaka iliyopita, na nchi inayozunguka hapo yazidi kujengwa mwaka hata mwaka. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yakataza kuchimba mambo ya kale bila ya idhini, na yamtaka aliyekuta kitu cha namna hiyo atoe habari. Fundi achimbaye msingi akakuta vigae vingi vilivyochorwa, mifupa, au duara jeusi katika udongo mwekundu, asivikusanye gunia akapeleka nyumbani, maana kigae kilichotolewa mahali pake ni kigae tu. Aviache vilipo, apime kwa hatua umbali wake kutoka njiani, na awape habari watu wa Makumbusho ya Taifa.

Na walimu watakaowapeleka watoto Gedi mwaka huu, wakishamaliza jumba la mfalme, wamwombe mwongozaji awapitishe katika nafasi iliyo kati ya kuta mbili. Hakuna cha kupiga picha. Kuna miti, kima, na ardhi iliyoinuka kidogo hapa na pale.